Chombo Kilichoundwa kwa Vina

Mwaka 1979, mjini Leiden nchini Uholanzi, ulichapishwa utendi wa Ahmed Sheikh Nabhany uitwao Sambo ya Kiwandeo. Sambo ni chombo cha baharini. Kiwandeo ni jina la kale la Lamu. Utendi huu hausimulii vita wala hauusii vijana. Unakifuata chombo tangu kinapoundwa mpaka kinapokwenda baharini, na humo njiani unavitaja kwa majina yake viungo na zana ambazo fundi na baharia hawana budi kuzijua. Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alikuwa na njia nyepesi zaidi mbele yake. Angeweza kuyapanga maneno ya mafundi kwa alfabeti, akayaeleza moja moja, kazi ikaisha. Aliyatia katika beti kwa sababu alijua watu wake wamezoea kubeba nini kichwani. Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mama kwa binti yake uliotungwa mwaka 1858, ulikuwa umepita katika vinywa vya wanawake wa visiwa vile kizazi baada ya kizazi. Mama alimsomea binti, binti akaushika kwa moyo. Nabhany mwenyewe aliupokea ushairi kwa bibi yake, Amina Abubakar Sheikh. Kilichoweza kubeba wasia wa mama kiliweza pia kubeba viungo vya chombo: mkuku, hanamu, fashini na mataruma.

Naona uamuzi ule una uzito mkubwa kuliko unavyopewa. Tunapozungumzia kuhifadhi nyimbo, misemo na kazi za mikono, fikra zetu hukimbilia ghala: kabati la makumbusho, kanda ya sauti, faili la kompyuta. Vyote hivyo vina kazi yake, nami nitavirudia. Lakini ukiifuatilia historia ya mwambao utakuta kwamba jamii hukumbuka kwa kutenda, na kwa kusema mbele ya wenzi wanaoweza kukosoa. Shughuli ile ikikoma, kumbukumbu hubaki yatima hata kama ghala limejaa pomoni.

Ushahidi mchungu kuliko wote ni mtepe. Kwa karne nyingi vyombo vya pwani hii vilishonwa. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unalitaja soko la Rhapta, lililokuwa katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania, na kueleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Wareno waliokuja na Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 nao waliona vyombo visivyo na misumari, mbao zake zikishikwa kwa kamba. Mtepe wa visiwa vya Lamu, hasa wa Wabajuni, ulikuwa wa ukoo huo huo: mbao zilitobolewa, zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na juu likatwekwa tanga la mkeka. Kamba yenyewe ilikuwa na safari ndefu kabla ya kumfikia fundi. Makumbi yalifukiwa ufukweni kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, nyuzi zikasafishwa na kusokotwa. Kazi hii wanawake wa vijiji vya mashariki ya Unguja wangali wakiifanya. Kwa hiyo mtepe mmoja uliwakutanisha mwenye minazi, msokota kamba, msuka mikeka, seremala na nahodha, kila mmoja na maneno yake, na aghalabu na nyimbo za kumsogezea kazi.

Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 mtepe ulitoweka. Hakuna aliyeupiga marufuku. Kamba huchakaa, na chombo cha kushonwa kilidai kushonwa tena na tena, ilhali jahazi la misumari lilistahimili zaidi na kubeba shehena kwa gharama ndogo. Fundi akakosa mteja. Mwanafunzi akakosa fundi. Mtafiti James Hornell alipochapisha uchunguzi wake juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, alikuwa akiandika juu ya kitu kilichokwisha kuondoka. Tunayo leo mifano midogo katika makumbusho, tunazo picha na vipimo, na mwanzoni mwa karne hii uliundwa mtepe wa ukubwa kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit el Ajaib, Unguja. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, nami naisifu kwa dhati. Hata hivyo mchoro unaweza kukuonyesha tundu liko wapi. Haukuambii kamba ivutwe mpaka mkono usikie nini. Maarifa ya aina hiyo hukaa katika viganja, na viganja hufundishwa na viganja vingine. Linganisha na jahazi. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi bado huchonga mataruma kwa tezo na kukalafati mianya kwa pamba, na kijana anayeshinda hapo hujifunza neno na tendo kwa pamoja, kwa kuwa anaagizwa kuleta kitu na asipokijua huaibika.

Hapo ndipo ninapouona werevu wa Nabhany. Alielewa kwamba jahazi nalo linaweza kufuata njia ya mtepe, akatafuta mahali ambapo maneno yake yangeendelea kuhojiwa. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi tangu mwanzo wa utendi hadi mwisho. Anayeghani akilisahau neno la fundi na kupachika jingine, mara nyingi mizani itapungua au kina kitavunjika, na msikilizaji atainua kichwa. Orodha haina mlinzi kama huyo. Ukiruka neno katika orodha hakuna anayeshtuka. Njia hiyo hiyo aliitumia katika Umbuji wa Mnazi, kilichochapishwa mwaka 1985, alipoueleza mnazi na manufaa yake. Anayelelewa pwani huijua safari ya tunda hilo kutoka kidaka hadi kitale, dafu, koroma na mwisho nazi kamili, na hulijua kuti, pakacha, kifumbu na kata. Anayenunua tui la kopo dukani hana haja na hata moja kati ya hayo, wala si kosa lake.

Zipo pingamizi, na ya kwanza inatoka ndani ya lugha yenyewe. Wahenga waliosema kwa mdomo ndio waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa nini basi kuusifu mdomo? Kisa cha Muyaka bin Haji wa Mombasa kinajibu vizuri kuliko nadharia. Muyaka alitunga mashairi yake katika miaka ya mvutano baina ya Mazrui wa Mombasa na Busaidi, mvutano uliokoma Seyyid Said, sultani wa Busaidi, alipoutwaa mji mwaka 1837. Muyaka mwenyewe alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalizungumza siasa, biashara, mapenzi, njaa na masengenyo ya mtaa, na watu waliyashika kwa sababu yaliwafaa katika mazungumzo: mtu alitaka kumjibu mwenzake kwa fumbo, akakuta Muyaka amekwisha kumjibia. Yapata nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka kwa wazee wa Mombasa, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na kwa kushirikiana na mmishonari W. E. Taylor akaongeza maelezo ya kila shairi lilitokana na tukio gani. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi zikaishia London, na diwani ikachapishwa mwaka 1940 na William Hichens, nchini Afrika Kusini.

Bila daftari la Sikujua, sehemu kubwa ya Muyaka isingetufikia. Hilo halina mjadala. Lakini daftari lile lilijazwa na nani? Lilijazwa na watu ambao kwa nusu karne walikuwa wameyasema mashairi hayo bila kuyasoma popote. Tena, yale maelezo ya pembeni yana thamani sawa na mashairi yenyewe, kwa sababu fumbo lililopoteza tukio lake hugeuka kufuli lisilo na ufunguo. Sikujua aliwahi wakati wenye ufunguo wangali hai. Kwa hiyo daftari na mdomo havishindani. Daftari hufika kwa kuchelewa, na hupata tu kile ambacho mdomo umekitunza. Jamii inayongoja mkusanyaji huku imeacha kusema itampa mkusanyaji huyo karatasi tupu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kumbukumbu za watu hukosea. Mfano mkubwa ni Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani. Mmishonari Steere alikichapisha kisa chake mwaka 1870. Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi mwaka 1913. Nyimbo zinazohusishwa na Liyongo zimeimbwa katika ngoma ya gungu kwenye harusi. Na bado wataalamu hawakubaliani aliishi lini, na makadirio yao yanapishana kwa karne kadhaa. Anayetaka tarehe hatazipata katika gungu. Nakubali hivyo bila kinyongo. Harusi haikuwa na kazi ya kutunza mwaka. Ilikuwa na kazi ya kutunza mizani, lugha ya zamani, heshima ya ukarimu na uchungu wa kusalitiwa na jamaa, na hivyo vimefika. Kila kumbukumbu hupimwa na mahali inapotumika. Neno la fundi hupimwa na maji: chombo kilichoundwa kwa maelezo mabaya huvuja. Kwa sababu hiyo nina imani kubwa zaidi na kumbukumbu ya mafundi juu ya jinsi ya kuunda kuliko na kumbukumbu ya wasimuliaji juu ya nani alitawala mwaka gani, na mtafiti anayezichanganya hizo mbili huidhulumu kila moja.

Tena kuna wanaosema kwamba dunia imebadilika, na kuwataka vijana waimbe nyimbo za kutweka tanga huku boti zina injini ni kuwafungia katika makumbusho. Wangekuwa na haki kama kuhifadhi kungekuwa kugandisha. Lakini tazama lugha ilivyofanya yenyewe. Rubani aliongoza meli kabla ya kuongoza ndege. Usukani ulitoka shetrini ukaingia kwenye gari. Nahodha leo anavaa kitambaa mkononi na kuingiza timu uwanjani. Maneno haya hayakuokolewa na kamati. Yalipata ajira mpya. Misemo nayo ilifanya hivyo. Kanga ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa bidhaa ya biashara, nyingi zikipigwa chapa viwandani ng'ambo, na bado wanawake wa pwani waliigeuza kuwa mdomo: jina la kanga, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye za Kilatini, lilisema kwa shoga, kwa mume au kwa jirani kile ambacho ulimi ulisita kusema. Kiwanda hakikuua methali. Kiliipa kitambaa.

Nabhany alilijua hilo, na ndiyo maana hakuishia kwenye kukusanya. Alichukua maneno ya lahaja za kaskazini na kuyatuma kazini. Runinga, aliyoiunda kutokana na rununu na maninga, yaani macho, imekubalika nchini Kenya kiasi kwamba wengi wanaoitumia hawajui ilizaliwa na mtu. Ngamizi, aliyoipendekeza kwa kompyuta, haikupata bahati hiyo. Kushindwa kwa neno moja na kufaulu kwa jingine, ingawa mwundaji ni yule yule na elimu ni ile ile, kunatuonyesha mwamuzi ni nani: wasemaji ndio huchagua, na hakuna taasisi inayoweza kuchagua kwa niaba yao.

Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2011. Mkataba huo unataka jamii zenyewe zishirikishwe, na hapo kuna jambo linalostahili uangalifu kuliko linavyopewa. Si kila kinachokumbukwa ni cha kila sikio. Nyimbo za unyago zina wenyewe, zina umri wake na mlango wake. Fundi naye ana siri anazompa mwanafunzi aliyevumilia miaka. Kurekodi kila kitu na kukimwaga hadharani kwa jina la uhifadhi kunaweza kuvunja ile njia ya kupokezana iliyokitunza. Bora kungwi aachiwe aamue nini kiandikwe na kiwekwe wapi, na Matondoni ipate wateja wa majahazi kabla ya kupata kamera. Fedha ya kuagiza jahazi moja kila mwaka, kwa kazi ya kweli ya baharini, ingefundisha vijana wengi kuliko maonyesho kumi.

Na utendi wa pili bado haujatungwa. Lamu ya leo ina boti za faiba na mashine za nyuma, na manahodha wanaojua kuisikiliza injini kama wazee wao walivyousikiliza upepo. Kile chuma kinachozunguka majini wengi wao hukiita propela. Kamusi zetu zina neno jingine lililoingia tangu enzi za meli za moshi, rafadha, lenye mizani tatu, na kina chake, -dha, si kigumu kutafutiwa wenzake.