Uzi wa kioo, kutoka Venice hadi Unguja

Kabla ya kugusa ushanga wenyewe, fundi wa Venice huvuta nyuzi kwanza. Huyeyusha ncha ya fimbo ya kioo motoni, huishika kwa koleo na kuivuta. Akivuta haraka, uzi hutoka mwembamba kama unywele. Akikawia, hubaki mnene.

Ndipo huviringisha kioo laini juu ya waya wa chuma na kuuzungusha bila kukoma. Uzi haupelekwi katikati ya moto, kwani ungeyeyuka papo hapo na kudondoka. Hushikwa pembeni mwa mwale, ncha ikaguswa kwenye ushanga, kisha ushanga ndio unaozunguka na kuuvuta uzi. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mstari umepinda. Moto ukizidi, mstari unatanuka na kupoteza kingo zake. Wengine hupitisha sindano ya chuma juu ya mistari ikiwa bado laini, ikajikunja kama manyoya ya ndege. Mwishowe ushanga hupozwa taratibu, maana ukipoa ghafla hupasuka.

Mwaka 1291 Jamhuri ya Venice iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto mjini. Lakini shanga za mistari hazikuhitaji tanuri. Zilitaka taa ya mafuta, mvukuto wa kukanyagwa kwa mguu na meza, basi zikaendelea kutengenezwa majumbani, katikati ya jiji. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika historia hii. Moto mdogo uliiingiza kazi hii ndani ya nyumba, na kufikia karne ya 20 wengi walioifanya walikuwa wanawake. Kabla ya hapo, kufikia karne ya 17, Murano ilikuwa imeshapata kioo chenye chembe za shaba zinazometa; nacho kilivutwa uzi na kuzungushwa kwenye shanga kandokando ya maua ya waridi.

Shanga hizo za urembo zilipendwa sana Afrika Magharibi. Huku kwetu Afrika Mashariki soko lilitaka zaidi shanga ndogo za rangi moja, na lilikuwa soko gumu. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwa safari ya bara, aliambiwa kila njia ina shanga zake: nyekundu, zilizoitwa samesame, zilitakwa na Wanyamwezi; nyeusi zilipita Ugogo na kukataliwa kwingine; sungomaji, kubwa kama yai la njiwa, zilithaminiwa Ujiji. Akanunua magunia 22. Kwa shanga misafara ililipia chakula na njia, ikanunua pembe za ndovu, na ikanunua watu. Hatuwezi kuusifu ufundi huu tukalifumbia macho hilo.

British Museum inahifadhi kadi za sampuli za Moses Lewin Levin, mfanyabiashara wa shanga wa London katika karne ya 19. Tunalijua jina la muuzaji. Aliyevuta mstari hakuandikwa, na naona hiyo ni dhuluma, kwa sababu mstari ndio uliomvutia mnunuzi.

Kiwanda kikubwa cha shanga cha Società Veneziana Conterie, kilichoanzishwa mwaka 1898, kilifungwa 1992. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa shanga za kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu. Wachache Venice bado wanavuta nyuzi. Siku hizi wanatumia gesi badala ya mafuta.