Kutoka Sanduku la Paka hadi Panya Buku wa Morogoro: Historia ya Kufundisha kwa Tuzo

Fikra kwamba mwanafunzi hunyooshwa kwa fimbo ni ya kale mno, ilhali uchunguzi wa kisayansi kuhusu nguvu ya tuzo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, na ulianzia kwa paka. Mwaka 1898 Edward Thorndike, katika utafiti wake wa uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alieleza jinsi alivyomfungia paka mwenye njaa ndani ya sanduku ambalo mlango wake ulifunguka kwa kuvuta kamba au kukanyaga kibao, huku chakula kikiwa nje. Mara ya kwanza paka alikwaruza na kung'ata huku na huku mpaka akabahatisha. Lakini kadiri alivyorudishwa sandukuni ndivyo mahangaiko yalivyopungua, hata akawa anaiendea kamba moja kwa moja. Kutokana na hayo Thorndike aliunda kanuni ya matokeo, isemayo kwamba tendo linalofuatwa na faraja hujikita na lile linalofuatwa na karaha hufifia.

Nusu ya pili ya kanuni hiyo haikudumu. Baada ya majaribio mengi kwa binadamu, Thorndike alitangaza mwaka 1932 kwamba kumwambia mtu amepatia huliimarisha jibu lake kwa kiasi kikubwa, ilhali kumwambia amekosea hakulidhoofishi kwa kiasi kinacholingana. Masahihisho hayo yalistahili kufundishwa katika kila chuo cha ualimu tangu siku hizo, kwa kuwa yalitoka kwa mtu aliyekuwa tayari kuubomoa ukuta alioujenga mwenyewe.

Aliyeipa elimu hii msamiati wake ni B. F. Skinner, ambaye kitabu chake cha mwaka 1938 kilieleza panya waliojifunza kubonyeza wenzo ili wapate chakula. Uimarishaji chanya, kwa maana aliyoijenga, ni kuleta kitu mara tu baada ya tendo, na tendo hilo likazidi kurudiwa kwa sababu yake. Huko si kuhonga: hongo huahidiwa kabla ya tendo au hutolewa ili kunyamazisha usumbufu, ilhali kiimarishaji hufuata tendo lililokwisha kufanyika. Wala kitu hakiitwi kiimarishaji kwa kuwa mwalimu anakiona kizuri, bali kwa kuwa tendo limeongezeka kweli.

Ugunduzi wenye manufaa zaidi kwa walimu ulikuja mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye ghorofa ya juu ya kinu cha unga jijini Minneapolis, ambako Skinner na wenzake walikuwa wakifundisha njiwa kuongoza mabomu. Siku moja walitaka njiwa apige mpira wa mbao kwa mdomo, na baada ya kusubiri bila mafanikio wakaamua kumtuza kwa kuutazama tu, kisha kwa kuusogelea, kisha kwa kuugusa; baada ya dakika chache njiwa alikuwa akiupiga mpira kwa nguvu. Njia hiyo ya kutuza kila hatua inayokaribia lengo, badala ya kungoja ukamilifu, ndiyo iitwayo kufinyanga tabia. Kwa kuwa chakula huchelewa kumfikia mnyama, Skinner alipendekeza katika makala ya mwaka 1951 kitumike kidude cha mkononi kinachotoa mlio mkavu, ambacho mnyama hujifunza kwanza kwamba kila kinapolia chakula kinakuja. Mlio huo huonyesha kwa usahihi ni tendo lipi linalolipwa. Wafunzaji wa pomboo waliifuata kanuni hiyo kwa filimbi, maana mnyama aliye majini hafungiki kamba wala hachapiki.

Mwaka 1964 Montrose Wolf na wenzake walichapisha taarifa ya mtoto wa miaka mitatu na nusu, mwenye usonji, aliyeondolewa lenzi za macho kwa sababu ya mtoto wa jicho, na ambaye angepoteza uwezo wa kuona asipovaa miwani. Mtoto huyo hakukubali kabisa kuvalishwa. Watafiti walianza na mlio uleule wa kidude pamoja na vipande vya peremende na matunda, wakamtuza kwa kuishika fremu tupu, kisha kwa kuibeba, kisha kwa kuisogeza usoni. Peremende zilipokosa mvuto, chakula chenyewe kikawa tuzo, tonge kwa tonge. Hatimaye alivaa miwani kwa takribani saa 12 kwa siku. Ni vigumu kufikiria kiboko ambacho kingeweza kulifanya jambo hilo.

Shuleni, utafiti wa Charles Madsen, Wesley Becker na Don Thomas uliochapishwa mwaka 1968 ulionyesha kwamba kutangaza kanuni za darasa peke yake hakukubadili sana utovu wa nidhamu, lakini walimu walipowasifu wanafunzi kwa tendo jema lililoonekana, huku wakiyapuuza makosa madogo, darasa lilitulia. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete, na hapa yafaa kuongeza kwamba pete inayocheleweshwa haimwambii mvaaji ni kwa lipi amevikwa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inaviruhusu kwa kanuni za serikali, na ushahidi wa tangu enzi za Thorndike unatosha kuifanya ruhusa hiyo ifikiriwe upya.

Tuzo nayo ina mipaka yake, kama methali ya mgema anayetia tembo maji akisifiwa inavyoonya. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa cheti kwa kuchora, walipungukiwa na hamu baadaye, ilhali waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa. Mwalimu makini, basi, hamwagi zawadi juu ya jambo ambalo mtoto tayari analifanya kwa kupenda.

Sehemu ya historia hii inaendelea Morogoro, ambako shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000. Mtoto wa panya huzoeshwa watu kwanza, kisha mlio wa kidude na ndizi, kisha harufu ya kilipuzi cha TNT, mpaka akwaruze ardhi penye harufu hiyo. Mmoja wao, Magawa, aligundua nchini Kambodia mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine, jumla zaidi ya 100. Wengine hunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu, na hapo ndipo uaminifu wa njia hii hujaribiwa: kwa kuwa mfunzaji hajui ni sampuli ipi kati ya zile mpya ina vimelea, huchanganya ndani yake nyingine ambazo kliniki zimekwisha kuzithibitisha, na panya hulipwa anapozitambua hizo tu, kwa sababu ndizi inayotolewa kwa jibu lisilohakikishwa ingemfundisha kubahatisha.