Bundi wa Pemba na Mikarafuu

Katika ndege wa kisiwa cha Pemba, yuko mmoja ambaye husikika kila usiku na huonekana kwa nadra. Ni bundi mdogo, urefu wake yapata sentimita 20, mwenye macho ya manjano na vishungi vifupi kichwani mfano wa masikio. Wako wa rangi ya kahawia na wako wekundu kama kutu, na wote ni wa aina moja. Mchana hujibanza katika majani yaliyosongamana. Giza likiingia ndipo aanzapo kuita. Wito wake ni "hu" moja fupi, kisha kimya, kisha nyingine, na mara huziandamanisha kadhaa. Chakula chake hasa ni wadudu. Kwa kiumbe wa kiasi hicho, hofu aliyotwishwa ni kubwa mno: pwani nzima bundi hudhaniwa kuwa mleta habari za kifo, na kamusi za zamani zinalo hata jina la babewatoto.

Bundi huyu hapatikani popote duniani ila Pemba. Mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa na bara una kina cha mamia ya mita, na hata Unguja, iliyo jirani, hayuko. Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya sayansi ni Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, mwaka 1937. Wapemba walikuwa wamemsikia tangu enzi na dahari. Baadaye wataalamu walimhesabu kuwa tawi tu la bundi wa Bukini, yaani Madagaska. Kilichomrudishia nafasi yake ni sauti, kwa kuwa wa Bukini haiti hivyo. Wapenzi wa mashairi hawatashangaa kwamba sikio liliona kisichoonwa na jicho.

Ila historia yake nzito imo katika karafuu. Zao hili liliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na dhoruba ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika, ikawa ndiyo shamba kuu. Misitu ilifyekwa, mingi kwa mikono ya watumwa, na vilima vikavikwa mikarafuu. Ndege wa msituni angetazamiwa kutoweka. Bundi alihamia mashambani, akaita juu ya mikarafuu kama alivyoita juu ya mivule.

Hata hivyo, mkarafuu si msitu. Jamii yake hutaga katika matundu ya miti, na tundu halipatikani ila katika mti mkongwe, ambao ndio unaotangulia kukatwa kwa kuni na mbao. Msitu mkubwa uliobakia ni Ngezi, kaskazini magharibi, hekta 1,440 hivi. Nje yake yamebaki mapande kama Msitu Mkuu, na mashamba ambayo mwenyewe akiamua kupanda muhogo, bundi hana pa kurejea.