Kutoka Meza ya Jemadari Hadi Tope la Askari

Mwaka 1894, katika kaburi la Mesehti, mtawala wa Asyut nchini Misri, vilikutwa vikosi viwili vya askari wa mbao: Wanubi 40 wenye pinde na Wamisri 40 wenye mikuki, wamepangwa wannewanne juu ya ubao. Walichongwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita wamsindikize bwana wao ahera. Fundi hakutaka wafanane. Wengine ni warefu na wengine wafupi, na kila ngao imepakwa madoa yake, kama ngozi ya ng'ombe.

Hamu ya kuiweka vita juu ya meza, basi, ni ya kale. Kilichobadilika ni mahali anaposimama mtazamaji. Kwa karne nyingi alisimama juu, pamoja na mfalme na jemadari. Ni katika nusu karne iliyopita ndipo aliposhuka hadi usawa wa askari, na kilichomshusha zaidi ni ufundi wa kuchakaza: kazi ya kuipa modeli kutu, vumbi, masizi na tope.

Huko juu alikuwa Louis wa 14 wa Ufaransa. Mwaka 1668 waziri wake wa vita, Louvois, alianzisha utengenezaji wa modeli za miji yenye ngome, kwa kawaida kwa skeli ya 1:600. Nyumba zilikuwa za mbao zilizobandikwa karatasi ya rangi, ardhi ilinyunyiziwa mchanga, na miti ilisukwa kwa nyuzi za hariri. Mfalme na wahandisi wake waliweza kukaa Paris na kujadili ukuta ulio mpakani, wakipima mzinga wa adui ungeweza kuwekwa wapi. Kwa sababu hiyo modeli zilikuwa siri ya dola. Napoleon alipoanguka mwaka 1815, Waprusia walizichukua kadhaa kama ngawira hadi Berlin. Nyingi kati ya zilizobaki zimehifadhiwa Les Invalides, jijini Paris.

Vita iliyomwangusha Napoleon ndiyo iliyozaa modeli iliyoleta ugomvi mkubwa. Mwaka 1830 afisa Mwingereza, William Siborne, alitumwa kutengeneza modeli ya Waterloo. Alikaa miezi minane kwenye uwanja wenyewe akipima vilima na mashamba, kisha akawaandikia barua maafisa waliopigana, akiwauliza walisimama wapi na ardhi mbele yao ilikuwa na mazao gani. Modeli ilioneshwa London mwaka 1838 ikiwa na askari wadogo wa metali zaidi ya 70,000. Wellington, jemadari wa Waingereza katika vita hiyo, hakuridhika na namna ilivyowaonesha washirika wake Waprusia, kwa kuwa iliwapa sehemu kubwa ya ushindi aliouona kuwa wake. Siborne aliachwa na madeni. Ila barua alizokusanya zimekuwa hazina kwa wanahistoria, na modeli ipo mpaka leo katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi, London.

Wakati huo mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wameshaeneza askari bapa wa bati majumbani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ikaanza kuuza askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Plastiki ilifuata. Mwaka 1936 Frog ya Uingereza ilitoa ndege za kuunganisha kwa skeli ya 1:72, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Airfix ikaingia sokoni. Huko Shizuoka, Japani, Tamiya iliyoanza na biashara ya mbao iliunda kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilitakiwa kibebe mota na betri ndani, na ukubwa uliotokana na betri hizo ulikaribia 1:35. Leo hiyo ndiyo skeli kuu ya vifaru duniani.

Hata hivyo, vifaru vya mwanzo vilitoka vikiwa safi mno. Katika miaka ya 1970 Sheperd Paine wa Chicago, kwa vipeperushi vilivyowekwa ndani ya maboksi ya modeli za kampuni ya Monogram, alionesha kuwa diorama, yaani modeli iliyowekwa ndani ya mandhari yake, ni kisa: kifaru kimekwama, wahudumu wamechoka, kuna jambo limetoka kutokea. François Verlinden wa Ubelgiji akaeneza namna ya kuosha modeli kwa rangi nyembamba ya mafuta na kusugua kingo kwa brashi kavu. Baadaye Mhispania Mig Jiménez alifanya poda za vumbi na kutu zipatikane madukani.

Tuchukue T-34, kifaru cha Kisovyeti, wakati wa baridi. Askari waliipaka nyeupe juu ya kijani ili ifichike thelujini. Fundi naye hupaka kijani, hunyunyizia spreyi ya nywele, kisha hupaka nyeupe ya akriliki. Ikikauka huilowesha kwa brashi yenye maji; spreyi huyeyuka chini yake na nyeupe hubanduka vipandevipande. Ustadi wote ni kujua ibanduke wapi: pale buti zilipokanyaga wakati wa kupanda, kwenye kingo za vifuniko vilivyoshikwa kila siku, pembeni palipokwaruzwa na matawi. Bomba la moshi hupewa kutu nyingi, maana joto limeunguza rangi. Minyororo hung'aa pale inaposuguana na ardhi. Tope la jana limekauka na kupauka. La leo ni jeusi na lina maji.

Anayepaka kutu kila mahali ili ipendeze anaandika uongo. Vifaru vingi vya mwaka 1943 viliungua kabla ya kuota kutu nzito. Uchakavu ni ushahidi, na kila doa lazima liwe na sababu.

Ushahidi huo una pengo karibu nasi. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mizinga yake iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kupiganishwa nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Nyuma ya majeshi ya pande zote walikuwapo wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Nairobi mpagazi amesimama kwenye sanamu pamoja na askari. Kwenye diorama za vita hiyo ni nadra kumkuta. Wewe mwenye brashi na subira, nenda Fort Jesus ukautazame mzinga huo, uupime, kisha umpe mpagazi nafasi yake ubaoni, na udongo wa Rufiji miguuni.