Bugali wa Baraka: mihogo, ndagala na miaka ya vita

Kwa wakaaji wa Baraka na teritwari nzima ya Fizi, chakula kamili kina vitu vitatu: bugali wa mihogo, sombe yenye mawese, na ndagala wa ziwa Tanganyika. Wengine wanakidharau na kukiita chakula cha maskini. Lakini vitu hivyo vitatu vinategemeana, na kila vita inapokuja, mara nyingi bugali ndio unabaki peke yake kwenye sahani.

Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, ukapanda ndani ya Kongo polepole, kijiji hadi kijiji. Kilichoufanya upendwe Fizi ni tabia yake: mahindi na maharagi yanataka kuvunwa kwa wakati wake, lakini muhogo unaweza kukaa ardhini hata mwaka mzima baada ya kukomaa, ukimngoja mwenyewe. Familia ikikimbia, shamba linabaki. Mwizi anayepita kwa haraka hawezi kuling'oa lote.

Na kukimbia kumekuwa kwingi. Waasi wa Simba walishika eneo hili mwaka 1964. Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 na kushukia Kibamba, yeye na Wacuba wenzake walikula bugali huohuo wa wanakijiji. Vita vya 1996 na 1998 vikawavusha watu wengi hadi Tanzania, kwenye kambi za Nyarugusu na Lugufu, ambako unga wa msaada ulikuwa wa mahindi. Walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka, mwaka 2005, walikuwepo vijana ambao hawakuwahi kulima muhogo hata siku moja.

Hapo ndipo penye hatari, maana muhogo mchungu una sumu. Wazee walijua: unaumenya, unauloweka siku tatu hivi mpaka ulainike, unauanika, ndipo unautwanga. Mwenye njaa hufupisha siku hizo. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona: konzo. Baadaye umeonekana pia Kivu Kusini. Huwapata hasa watoto na wanawake wanaokula mihogo isiyolowekwa vya kutosha, tena bila samaki wala maharagi. Mwili unahitaji protini ya vyakula hivyo ili kuivunja sumu. Kwa hiyo ndagala pembeni ya bugali si kitoweo cha kupendeza ulimi tu.

Ndagala nao wamepungua. Wanavuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, na nyavu za matundu madogo zinabeba hata wale ambao hawajazaa. Ndiyo sababu uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Uamuzi huo ulikuwa na maana. Samaki lazima wapate nafasi ya kuzaa. Ila mwenye shamba angeweza kula maharagi yake miezi hiyo 3. Aliyehama kutoka milimani, anayelala kwa jamaa au kwenye kibanda cha turubai, hakuwa na shamba.

Kwa familia kama hiyo, majani yanasaidia: sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana, lengalenga, matembele yanayoota hata kando ya nyumba. Maharagi kidogo yanaziba pengo la samaki. Muhogo ndio mgumu zaidi, kwa sababu kuuloweka kunataka chombo na maji mengi, katika mji ambao kipindupindu hakijaisha na maji safi yanapangiwa foleni. Mama mwenye ndoo moja anapaswa kuchagua: ikae na mihogo siku tatu, au iende kisimani asubuhi.