Dawa ya vikope iliyookoa roho za watoto

Zamani, mama mwenye watoto watano wenye ugonjwa wa vikope alipewa mafuta ya tetrasaiklini na kuelekezwa awapake machoni mara mbili kwa siku, kwa wiki sita. Piga hesabu: ni kushika kichwa cha mtoto anayelia mara 420, na shamba linamngoja. Wengi walishindwa njiani, na hakuna wa kuwalaumu. Mtoto asiyetibiwa huambukizwa tena na tena, hadi siku moja, utu uzimani, kope zinageukia ndani na kukwangua kioo cha jicho mpaka nuru inazimika. Kongwa, mkoani Dodoma, ugonjwa huu ulienea kiasi kwamba watafiti walipiga kambi huko kwa miongo kadhaa.

Nafuu ilitoka mbali. Mwaka 1980, wanakemia wa kiwanda cha Pliva mjini Zagreb, Yugoslavia ya wakati ule, walitengeneza azithromaisini, antibiotiki inayokaa mwilini siku nyingi baada ya kumezwa mara moja tu. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer, iliyokuwa na kibali cha kuiuza, ilianza kuitoa bure kwa ajili ya vikope, na Tanzania na Moroko zikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Mgawa dawa hakuhitaji hata mizani: mtoto alisimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wake ukaonyesha kipimo chake, akanywa, zamu ikawa ya mwenzake.

Kwa miaka kadhaa hiyo ilibaki kuwa habari ya macho. Kisha watafiti waliokuwa wakipima dawa hiyo dhidi ya vikope katika wilaya ya Goncha Siso Enese, jimbo la Amhara nchini Ethiopia, wakahesabu pia watoto waliofariki. Mwaka 2009 walitangaza kwamba, kati ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, vijiji vilivyopewa dawa vilizika karibu nusu tu ya waliozikwa katika vijiji vilivyokuwa bado vinasubiri. Tofauti ilikuwa kubwa mno kuaminika kwa mara moja, tena utafiti haukuwa umepangwa kupima vifo.

Ikabidi ufanyike mwingine, mkubwa zaidi. Kuanzia 2014 hadi 2017, jamii 1,533 za Niger, Malawi na Tanzania ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu zilipata azithromaisini kila baada ya miezi sita, na nusu dawa ya maji inayofanana nayo lakini isiyotibu chochote. Kwetu Tanzania kazi hiyo ilifanyika Kilosa, mkoani Morogoro. Utafiti huo ukaitwa MORDOR, na watoto zaidi ya 190,000 wa umri wa miezi 1 hadi 59 waliandikishwa mwanzoni.

Hapa ndipo moyo wangu unaposimama. Kijijini, mtoto mchanga anaweza kufa alfajiri na kuzikwa jioni bila jina lake kuandikwa mahali popote. Wahesabuji wa MORDOR walipita nyumba kwa nyumba kila nusu mwaka, wakiuliza habari za kila mtoto waliyemwandika mara iliyopita: yupo, amehama, au amefariki? Bila swali hilo, lililorudiwa kwa mama mmoja mmoja, hakuna aliyeweza kujua kama dawa inaokoa.

Majibu yalitoka mwaka 2018. Kwa jumla, vifo vilipungua kwa 13.5%, na waliofaidika zaidi walikuwa wachanga wa mwezi 1 hadi 5. Niger vilipungua kwa 18.1%, Malawi 5.7%, na Tanzania 3.4% tu, tofauti ndogo ambayo peke yake ingeweza kuwa ya bahati. Si kwamba dawa iliikataa Kilosa. Kule Niger, katika vijiji visivyopewa dawa, walikuwa wakifa watoto wapatao 27 kati ya kila 1,000 kwa mwaka. Kilosa hawakufika sita. Malaria, kuhara na nimonia vilipobaki na makali yote, dozi moja ilikuwa na wengi wa kuokoa.

Lakini bakteria nao hujifunza. Vipimo vya choo cha watoto wa Niger vilionyesha usugu dhidi ya kundi la azithromaisini ukiongezeka. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikataa ugawaji wa jumla kila mahali, likaruhusu ufikiriwe pale tu vifo vinapozidi watoto 80 kati ya 1,000 kabla ya kutimiza miaka mitano, au wachanga 60 kabla ya mwaka mmoja, na wapewe walio na miezi 1 hadi 11 peke yao. Woga huo nauelewa. Usugu ukienea, watakaoumia kwanza ni watoto hawahawa.

Niger ikaupima ushauri huo. Mwaka 2024, utafiti wa AVENIR ulionyesha kwamba vijiji vilivyowapa watoto wote walio chini ya miaka mitano vilipunguza vifo kwa 14%, ilhali vilivyowapa wachanga pekee havikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Huenda ni kwa sababu mtoto wa miezi mitano huambukizwa na kaka yake wa miaka mitatu anayecheza naye, na dawa ya mdogo haitoshi mpaka mkubwa naye anyweshwe.