Breki ya mbele si adui

Siku ya kwanza kufunzwa nduthi, jamaa wa stage aliniambia, "Usiwahi gusa hiyo breki ya mbele, itakurusha." Nikamwamini. Miezi mitatu baadaye, mvua ikinyesha, matatu ilisimama ghafla mbele yangu. Nikakanyaga ya nyuma tu. Tairi ikafunga, ikateleza, nikalala chini. Goti lina alama mpaka leo.

Ukweli ni kwamba ukifunga breki, uzito mwingi unaenda mbele, kwa hivyo breki ya mbele ndiyo inafanya kazi kubwa. Shida ni kuwa tairi ya mbele ikifunga, umeanguka. Zamani ujuzi ulikuwa kuifinya polepole hadi karibu ifunge, halafu kuachilia kidogo tu. Ni kitu cha vidole, na wengi walikijua baada ya kuvunjika.

Mwaka wa 1988 BMW wakaweka ABS ya kielektroniki kwa K100. Sensa inasoma mwendo wa kila gurudumu. Likikaribia kufunga, kompyuta inapunguza presha ya breki na kuirudisha, mara kadhaa kwa sekunde moja. Vidole gani vitafanya hivyo? Mwaka wa 1992 Honda wakaleta ST1100 yenye mfumo wa kuzuia tairi ya nyuma isizunguke bure ukiongeza mafuta. Lakini ABS ya kitambo ilisaidia ukienda wima, si ukiwa umelala kwa kona. Hiyo ilikuja 2013, Bosch na KTM 1190 Adventure, nduthi inayojua imeinama kiasi gani.

Kuna wasee husema hizi kompyuta zimeua ujuzi, ati enzi za 500cc ndio kulikuwa na waendeshaji. Sawa. Mick Doohan alivunjika mguu Assen 1992, nusura ukatwe. Alirudi akashinda mataji 5 mfululizo, 1994 hadi 1998. Tunamtaja kwa sababu alirudi.

Hapo wana pointi moja, lakini. Mtu aliyeanza na ABS anaweza kukosa kabisa kusoma barabara kwa mikono, na ukiingia kona na spidi imezidi, hakuna sensa itakayokuongezea lami.

Kinachoniuma ni kingine. Aprili 2019, India ilianza kutaka pikipiki mpya za zaidi ya 125cc ziwe na ABS, na ndogo ziwe na breki za mbele na nyuma zinazoshikana pamoja. Nduthi nyingi za boda hapa Kenya zimetoka huko huko India, na bado tunabeba abiria wawili kwa breki za drum zinazovutwa na waya. Anayeendesha siku nzima kwa mvua hana ABS. Anayo yule wa raha za wikendi.

Wiki jana nilipita stage nikamsikia yule jamaa akimwambia kijana mwingine maneno yale yale. Nikasimama, nikakunja suruali, nikamwonyesha kijana goti.